Lori Nililolifanya Alama

Nilizaliwa katika watu wasio na habari na samaki. Cucu, bibi yangu, aliamini samaki ni nyoka aliyenenepa, na mama yangu, mwanamke mpole asiyegombana hata na kuku walioingia jikoni, aliwahi kutupa sufuria nzima jalalani kwa sababu ndugu yangu alikaangia omena ndani yake. Kwa hiyo majirani zangu wa Kiuu walipogundua kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi naondoka Ruiru alfajiri, napitia Thika, naenda mpaka bwawa la Masinga kukaa ndani ya boti na kuvua samaki nisiowala, walikubaliana kwamba ama nimerogwa ama nina mwanamke huko Matuu. Mke wangu alishika la Matuu.

"Baba watoto, si useme tu ukweli," aliniambia. "Mtu hawezi enda mbali hivyo kushika samaki, halafu anapatia watu."

Ukweli ulikuwa mdogo mno, ndiyo maana hakuuamini. Nilikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo Thika, na kelele ya mitambo ile ilikuwa imeniingia kichwani kiasi kwamba hata kanisani niliisikia ikigonga. Majini haikugonga. Bwawa lile ni kubwa, wenyeji wanaliita ziwa, na ukifika katikati ukanyamaza, unasikia maji yakigusa ubao na basi. Wenzangu wengine walikunywa pombe Jumamosi. Mimi nilivua.

Aliyenifundisha ni rafiki yangu wa kiwandani. Yeye alikuwa sehemu ya rangi, na mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni, buluu isiyotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Alikuwa Mwislamu wa Majengo, Thika, mjukuu wa mzee aliyekuja Kenya kutoka upande wa Ziwa Nyasa kubeba mizigo ya wazungu na asirudi tena. Baba yake alishakufa, na aliishi na mama yake na kaka yake mkubwa. Fimbo yake ya kuvulia, yenye gurudumu la kukunjia mshipi, aliinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa Ruiru aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Mimi alinitengenezea yangu ya mwanzi. Samaki wote walienda kwake. Mama yake aliwapika, na kila mara alinitumia salamu kwamba kati ya watoto wake mimi ndiye mwema kuliko wote, kwa sababu naleta chakula na sili.

Ziwani hakuna barabara. Ukipata mahali penye ngege wengi, leo umepaona, mwezi ujao utapapataje? Babu yake alikuwa na njia yake ya kupajua, na rafiki yangu akanipokeza. Unatazama ufukweni, unatafuta kitu kilicho karibu na kingine kilicho mbali nyuma yake, vikae mstari mmoja. Kisha unageukia upande mwingine, unatafuta jozi ya pili. Mistari miwili inapokutana, hapo ndipo ulipo. Rudi hata baada ya mwaka, vipange vitu vyako tena, utakuwa umekaa juu ya samaki wale wale au watoto wao. Huko ndiko kuchukua alama.

Kwake jambo hilo lilikuwa jepesi. Mimi nilikuwa mzito. Mara ya kwanza aliponiachia kazi hiyo, nilichagua mwamba na ng'ombe mweupe.

"Ng'ombe!" Alicheka mpaka boti ikayumba. "Wee bwana, na akienda kwao jioni?"

"Si nitamwambia angoje."

"Kitu kisichoenda, ndugu yangu. Chagua kitu kisichoenda."

Kwa hiyo siwezi kusema sikufunzwa.

Jumamosi ninayoizungumzia ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwezi wa joto, maji yamepungua kidogo. Tulishushwa ziwani na pikap ya mwuza makaa wa Kiuu, ambaye alikuwa na desturi ya kutuacha asubuhi na kutuchukua saa kumi na moja akirudi na magunia yake. Tulikodi boti kwa mvuvi mzee, Mluo aliyehamia huko na wanawe. Hatukuvaa kitu cha kutuelesha majini. Hakikuwepo, na hatukukiulizia. Sote wawili hatukujua kuogelea, wala hatukuona ajabu, maana kwetu nani anajua?

Nanga yetu ilikuwa jiwe lililofungwa kamba ya katani. Chini ya Masinga kuna mashamba na miti iliyofunikwa bwawa lilipojazwa, na jiwe hupenda kunasa kwenye visiki. Saa tisa tulitaka kuhama. Jiwe likakataa. Rafiki yangu akaifungua kamba kwenye boti, akasimama, akaizungusha mkononi mara mbili ili apate nguvu, akavuta. Mimi nilikuwa nimeinama nafungua mshipi wangu uliojifunga. Nilihisi boti ikiinama upande wake, nikainua kichwa, na upande ule hapakuwa na mtu.

Aliibuka mara moja tu. Nikamrushia kasia, likaangukia mbali. Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu, kisha kamba ikamvuta. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakatika.

Boti, ambayo sasa haikuwa na nanga, ilianza kwenda na upepo. Hapo ndipo nilipofanya jambo pekee la akili la siku ile, au ndivyo nilivyojipongeza: nikachukua alama. Upande wa jua nilipanga mwamba na pengo la kilima. Upande wa barabara kulikuwa na mti mkavu umesimama majini, na nyuma yake, mlimani, lori jekundu la mchanga lililoharibika. Tuliliona tangu asubuhi, gia imefunguliwa ikashushwa chini, magurudumu yamewekewa mawe. Mti na lori vilikaa mstari mmoja sawasawa. Nikavishika moyoni.

Najua unachotaka kusema. Lori lina magurudumu. Lakini kwetu Kiuu kulikuwa na lori lililokufia karibu na kinu cha posho, na kwa miaka miwili tulielekezana kwalo: pita lori, kata kushoto, uliza mama wa sukuma wiki. Kuku walitagia ndani yake. Kwa mtu wa Ruiru, lori lililoshushwa gia na kuwekewa mawe ni kitu cha kudumu kuliko nyumba, maana nyumba hubomolewa. Ng'ombe nilishamkataa. Lori halikunijia hata kidogo kama kitu kinachoenda.

Wavuvi walisikia wakaja, wakazamia mpaka upepo ulipoanza kurusha mawimbi. Mvuvi mzee akasema leo basi, mtu aende awaambie wenyewe. Niliyejua nyumba ni mimi. Nikaondoka na pikap ya makaa, nikaliacha ziwa.

Nilifika Majengo watu wakitoka kuswali magharibi. Mama yake alikuwa ameshaponda kitunguu saumu na bizari, akingoja samaki. Aliniona niko peke yangu, akatazama nyuma yangu, akatazama tena. Sikuwa na namna ya kulisema vizuri. Nililisema vibaya. Hakulia. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi, akajifunga leso upya kiunoni, akaniuliza:

"Unajua alipo?"

"Najua, Mama. Nimechukua alama."

"Basi niletee. Sisi maiti wetu hangoji. Kumwosha wataosha wanaume, hiyo ni kazi yao. Lakini kabla hawajamfunika nataka nimwone uso. Uso tu, baba."

"Kesho utamwona," nikasema. "Naapa, Mama."

Nani aliniomba niape? Hakuna. Mdomo wangu ulitangulia wenyewe.

Jumapili alfajiri tulirudi ziwani, mimi, kaka yake, na watu watatu wa msikiti wao, wamebeba sanda ndani ya mfuko wa plastiki. Usiku mzima hofu yangu ilikuwa moja, kwamba sitaona tena vile nilivyoona. Kumbe kulipopambazuka lori lilikuwepo, jekundu, mlimani. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikaingia boti ya mbele, nikapanga mti na lori, nikapanga mwamba na pengo la kilima, mistari ikakutana, nikasema, "Hapa."

Wavuvi walikuwa na kamba ndefu yenye ndoana kubwa, wakaikokota kati ya boti mbili, kwenda na kurudi. Walitoa visiki. Walitoa wavu wa zamani. Jua likapanda, likashuka. Mvuvi mzee akaniuliza kwa upole kama nina hakika.

"Ni hapa, mzee."

Alasiri akauliza tena. Akasema maji haya yeye anayajua, na kwa upepo wa jana angependa tujaribu upande ulikotoka, mbali zaidi na kona ya barabara mlimani. Nikamfokea. Mzee wa watu, aliyeacha nyavu zake siku nzima bila kutuomba hata kikombe cha chai, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwepo na yeye alikuwa kwake amelala. Alitikisa kichwa, akaamuru wanawe waendelee pale pale nilipoonyesha. Wote walinitii. Sikuwahi kutiiwa hivyo maishani mwangu.

Jumatatu ilikuwa vile vile, ila joto lilizidi. Watu wa msikiti waliusogeza mfuko wa sanda kivulini. Kaka yake alikaa nyuma ya boti yetu, na mchana akamwuliza mvuvi mzee, polepole, kama asiyetaka mimi nisikie, maji humfanya nini mtu akikaa siku tatu. Mzee akainamia kamba. Alijifanya anaangalia fundo. Mimi nilijibu moyoni, nikawahimiza wakokote kwa nguvu zaidi, pale pale.

Jumanne asubuhi dereva wa lori aliteremka ziwani kuchota maji kwa mtungi wa plastiki. Tulikuwa tukimwona tangu Jumapili. Kutwa alilala chini ya gari lake, miguu nje, akigongagonga chuma, na jioni aliwasha moto akachemsha ugali. Alitusalimia, akauliza:

"Poleni, wazee. Siku zote hizi mnatafuta nini?"

Tukamwambia. Akavua kofia.

"Ngai! Alianguka lini?"

"Jumamosi, saa tisa," nikasema, nikamwonyesha kwa kidole jinsi mti unavyokaa na lori, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuonyesha.

Alifuata kidole changu, akarudi kunitazama, akafuata tena.

"Lakini Jumamosi saa tisa hii lori haikuwa hapo," akasema. "Ilikuwa kule juu kwa kona. Jioni ndio nilipata watu wa trekta wakanivuta hadi hapa kwa tambarare, nipate kuweka jeki. Kule ingeniangukia."

Nilitazama kona. Kutoka pale mpaka lilipokuwa lori sasa ni mwendo wa kuita mtu akaitika. Mlimani si kitu. Lakini mstari ukipita kwenye mti ukaja mpaka katikati ya ziwa, kitu kidogo mlimani ni kikubwa majini. Siku mbili tulimwona mtu huyu, akatuona. Sentensi moja ilikuwa imelala naye chini ya lori, na hakuna aliyekwenda kumwuliza, kwa sababu palikuwa na mtu anayejua, na mtu huyo ni mimi.

Mvuvi mzee hakunilaumu. Aliingia botini, akapanga mti na ile kona tupu, akapanga mwamba na pengo, akasogea upande ule ule aliouomba Jumapili. Mara ya pili ya kukokota, kamba ikawa nzito.

Mikono yake ilikuwa bado ya buluu. Hiyo ndiyo niliyomtambua kwayo, nami ndiye niliyeitwa kumtambua. Uso sitauandika.

Watu wa msikiti walimfanyia yale ambayo dini yao inaruhusu kwa mtu aliyefika hali ile. Walimmiminia maji bila kumgusa sana, wakamvisha sanda wakaifunga, wakaweka turubai juu. Kaka yake alikwenda nyuma ya kichaka akatapika, akarudi akaendelea. Hakunitazama njia nzima ya kurudi Thika.

Mama yake alikuwa mlangoni. Alipouona mzigo ukishushwa alisogea, akanyoosha mkono kwenye kichwa cha sanda.

"Mama, haifunguliki," kaka yake akasema.

"Kidogo tu."

"Haifunguliki, Mama."

Akauweka mkono juu ya kitambaa, akaupapasa mahali pa paji la uso, pa pua, kama anayetafuta kitu gizani, mpaka wazee wakamwomba apishe. Walimzika kabla ya jua kutua. Nilisimama mbali na kaburi pamoja na wenzetu wa kiwandani, nikasikia wakisema ajali haina kinga. Nilitaka kuwapiga. Kuanguka kwake majini kulikuwa ajali, sawa, siwezi kubishana na hilo. Siku mbili zile hazikuwa ajali. Angetolewa Jumapili asubuhi, mwili wake ungekuwa bado wake, na mama yule angepata kitu kimoja alichoomba. Nilichokosa si akili. Nilikosa swali moja la adabu kwa mtu mgeni: bwana, lori hili liko hapa tangu lini?

Sikurudi ziwani. Mwanzi wangu mke wangu aliutumia kuegemezea kunde, nami sikumzuia. Hakutaja tena Matuu. Usiku alinisikia nikipanga vitu, mti, mwamba, mti, akanishika mkono, na wema wake ulinichosha. Kiwandani walimweka mtu mwingine kwenye pipa la rangi, kijana wa Murera, na mikono yake ilikuwa ya kawaida wiki mbili za kwanza, halafu ikaanza. Nilianza kuzunguka nyuma ya bohari ili nisipite pale. Kelele ya mitambo ilikuwa ile ile, na kwa mara ya kwanza niliipenda, kwa sababu ilinizuia kufikiri.

Nilijiambia nitamweleza mama yake. Kila wiki nilijiambia. Kaka yake alijua, watu watatu wa msikiti walijua, na nilipochunguza kwa mbali nikaona hakuna aliyemwambia. Labda walimhurumia yeye. Labda walinihurumia mimi, jambo lililo baya zaidi. Wakati mwingine niliwaza kwamba wananiachia mwenyewe niseme, na kwamba wanasubiri.

Siku ya arobaini mama yake aliagiza niitwe. Walisoma hitima, wanaume chini ya turubai nje, wanawake ndani. Nilikaa ukingoni, viatu mkononi, nimeyapanga maneno yangu tangu Ruiru. Dua ilipokwisha na sinia za pilau zikaanza kupita, akatoka mwenyewe mpaka kizingitini, akaniita mbele ya watu wote.

"Huyu mnamwona?" akawaambia. "Si wa dini yetu, wala si wa damu yetu. Siku tatu juu ya maji, hakula, hakulala. Mwanangu asingepata kaburi kama si huyu. Wangapi wamepotelea kule na mama zao hawana hata mahali pa kusomea dua?"

Watu wakaitikia. Mzee mmoja akanishika bega.

"Mama," nikasema, "kuna jambo nataka nikuambie."

"Niambie, baba."

Kaka yake alikuwa nyuma yake, amebeba birika la kunawishia. Alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza anitazame tangu siku ile ziwani, na alinitazama bila chuki, alikuwa anangoja tu.

Mama akanitangulia. "Najua. Unataka kuniambia uso. Watu wote wananificha. Hapana, usiniambie. Mimi nimejifariji kwa jambo moja. Maji ni makubwa, hakuna aliyejua alipo isipokuwa wewe, na mlimtafuta pale pale alipokuwa, ni Mungu tu hakutaka atoke mapema. Basi. Mungu akitaka jambo, mama atagombana naye?" Alinishika mikono yote miwili. "Mlikuwa pale pale, sivyo?"

Birika lilikuwa likidondosha tone moja moja sakafuni.

"Pale pale, Mama," nikasema.

Akanikalisha karibu na mlango, mahali pa mwanawe. Kaka yake akanimiminia maji mikononi, mpaka vidole vyote vikawa safi, na mama yake akaniwekea nyama kwa mkono wake. Nikala.